Anayelinda Shamba Alilouza

Hadithi fupi kuhusu ulevi na maisha yaliyovurugika zimejaa kinaya. Hapa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, kinaya hicho kilikuwepo kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela. Mama wa uji amefunua sufuria na mvuke unapanda. Makanga wa matatu za Nairobi wanaita abiria kwa sauti zilizokauka. Hatua chache kutoka hapo pana duka la pombe ambalo mlango wake umefungwa, kwa sababu saa hiyo sheria hairuhusu pombe kuuzwa, iwe ni baa au duka. Dirisha lake dogo lina wavu wa chuma wenye tundu la kupenya mkono. Mwanamume wa makamo anagonga wavu kwa sarafu, mara mbili. Noti inaingia, kichupa cha robo kinatoka. Vidole vyake vinatetemeka hata inambidi afungue kifuniko kwa meno. Anapiga mafunda mawili, anafumba macho, anasubiri. Vidole vinatulia. Ndipo anapomwendea mama wa uji, ananyoosha mkono uliotulia kama wa fundi saa, na kupokea kikombe bila kumwaga tone.

"Natoa lock tu," anasema. Mama hakuwa amemuuliza kitu.

Msemo huo unajulikana kote Kenya. Aliyelewa usiku huamka kichwa kimebana kana kwamba kimetiwa kufuli, na "kutoa lock" ni kunywa kidogo asubuhi ili kufuli ifunguke. Ufunguo ni uleule uliofunga jana. Kinachomtuliza saa hii ndicho kitakachomtetemesha kesho saa kama hii, na mwenyewe anajua, ndiyo maana anajitetea kabla hajaulizwa.

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne ana jina la jambo hili. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, hutakiwa aeleze kinaya: mambo yanapokuwa kinyume cha yalivyotarajiwa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni kusema jambo kwa kulifunika. Wanafunzi wetu hulikariri pamoja na jazanda, taharuki na mbinu rejeshi, wakapata alama zao, wakasahau.

Nimesoma hadithi nyingi za ulevi, nyingine vitabuni na nyingine zikiwa zimeandikwa kwa mkono na vijana walioniomba nizipitie. Zimenifikisha kwenye imani moja. Katika hadithi za aina hii kinaya si pambo. Ndilo umbo la uraibu wenyewe, na mwandishi akilikosa umbo hilo amekosa kila kitu. Tena mwandishi anayekitumia vyema hamcheki mlevi. Humjulisha msomaji jambo ambalo mlevi hajaweza kulikabili, na msomaji akishalijua hawezi tena kupita kando ya dirisha lile kama asiyeona.

Hati iliyolinda, hati iliyouza

Anayetaka kuelewa hadithi za huku aanze na majina. Kajiado linatokana na Olkejuado, maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Hata baraza la wilaya la zamani liliitwa Olkejuado. Lakini hii ni kaunti kame, ambako mito mingi ni ya msimu, na ambako mgeni akihamia swali lake la kwanza huwa ni la maji.

Kisha aje kwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia ranchi za jamii. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na hekta 18,292 na wanachama 215 walioandikishwa. Mwaka 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Hati ilikusudiwa kumlinda mfugaji, ardhi iwe yake kwa jina lake, asije mtu kumpokonya. Lakini ardhi ya wote ilikuwa vigumu kuuzwa na mmoja. Sasa ilitosha sahihi ya mtu mmoja, na karatasi iliyoletwa kuwa ngao ikawa mlango.

Wanunuzi walikuja. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, lilipoanza kuvuta wafanyakazi Athi River katika miaka ya 1990, watu walitafuta vyumba vya kupanga karibu na kazi. Nairobi nayo, iliyo kilomita 30 hivi kutoka hapa, ilikuwa inatafuta pa kupumulia. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu 154,436. Palipokuwa na nyasi na pundamilia pakawa na ploti za futi hamsini kwa mia.

Haki inatutaka tuseme kwamba si kila aliyeuza alikunywa. Wako waliosomesha watoto hadi chuo kikuu, walionunua ng'ombe wa maziwa, waliojenga nyumba za kupangisha na leo wanapokea kodi. Wako pia wanawake waliokwenda hadi kwa chifu kuzuia mauzo ambayo hawakuwa wameulizwa. Lakini ni nadra kukutana na mwenyeji wa hapa asiyemjua mzee aliyepewa fedha ambazo hajawahi kuziona maishani, akaketi baa, akaagiza raundi kwa kila aliyeingia, na baada ya misimu michache ya mvua akawa ndiye anayeingia akiomba raundi.

Pombe yenyewe haikuwa ngeni. Wamaasai walikuwa na enaisho, pombe ya asali, iliyonywewa na wazee katika sherehe na katika mazungumzo ya posa. Moran, yaani vijana wapiganaji, hawakuruhusiwa kuionja. Ilikuwa na siku yake, ilikuwa na wakubwa wa kuisimamia, na ilikuwa na sababu: watu wawili walioinywa pamoja walikuwa wamefungamana. Ile inayopita kwenye tundu la wavu asubuhi haina siku, haina mkubwa, na mnywaji huwageuzia watu mgongo anapoinywa.

Kiswahili nacho kimesafiri njia hiyohiyo. Fungua kamusi za zamani utakuta uraibu ni ule mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku uliotafunwa kwa starehe na kukaribishiwa wageni. Leo mwanahabari akiandika "uraibu" anamaanisha kifungo. Neno la ukarimu limeishia kuwa neno la utumwa, na sidhani kuna mwandishi aliyekaa chini akaligeuza. Maisha yaliligeuza.

Ukubwa wa jambo unapimika. Utafiti wa mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 6 mwenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kimoja kati ya pombe, tumbaku na dawa za kulevya. Hao ni watu 4,733,152. Pombe peke yake inatumiwa na mtu 1 kati ya 8. Takwimu hizo zinatuambia wangapi. Yule mwanamume wa dirishani haonekani humo, wala sababu iliyomfanya ajitetee kwa mama wa uji. Hiyo ni kazi ya hadithi.

Mlevi katika kila kitabu

Waandishi wetu wameliona umbo hili kitambo. Mwaka 1973 Meja Mwangi alitoa riwaya yake Kill Me Quick, jina alilolitoa kwenye jina la mtaani la pombe kali. Wahusika wake, Meja na Maina, si wahuni waliozaliwa vichochoroni. Ni vijana waliosoma, waliokuja mjini na vyeti wakiwa tegemeo la familia zao. Shule iliyotarajiwa kuwatoa kwenye dhiki ndiyo iliyowafikisha kwenye pipa la taka, kwa sababu iliwapa matumaini ambayo jiji halikuwa na nafasi nayo.

Katika hadithi fupi jambo hili hubanwa likawa kali zaidi. Chukua mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016 na uliotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kwa miaka kadhaa. Hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa jina ni ya ardhi: wanyonge wanataka kunyang'anywa mahali pao, na jitu lenye njaa isiyokatika linaingia mkahawani na kula chakula chote. Msomaji wa Kitengela hahitaji kufafanuliwa. Salma Omar Hamad naye aliita yake "Shibe Inatumaliza", na jina hilo peke yake ni somo zima, kwa kuwa tulidhani inayomaliza watu ni njaa. Kisha iko "Mkubwa" ya Ali Mwalimu Rashid. Mkumbukwa anatafuta uongozi, na watu wanampa kura wakitegemea awalinde. Yeye anautaka uongozi ili asafirishe unga, yaani dawa za kulevya, bila kupekuliwa. Kila kura inayopigwa kwa matumaini inakuwa kibali cha kuwaharibu watoto wa mpiga kura.

Vitabu vya kutahiniwa vilivyofuata havikutoka kwenye mada hii. Katika mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine kuna "Kila Mchezea Wembe" ya Pauline Kea Kyovi, hadithi ya ulevi inayobeba methali tunayoijua sote katika jina lake. Katika riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi, Mangwasha anahangaika na mume, Mrima, aliyezama kwenye pombe. Katika tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, mlevi ni Yona, mwalimu aliyepoteza kazi yake. Watu walimsimanga kwa kukosa mtoto wa kiume, naye akakimbilia chupa. Miaka inapita, wazazi wanaugua na kuzeeka, na anayewasimamia ni Neema, binti yao. Yona alikunywa kwa kulilia kitu ambacho tayari alikuwa nacho nyumbani. Mtazamaji anaona hivyo mapema, Yona anachelewa, na katika kuchelewa huko ndimo mna machozi ya tamthilia.

Kwa hiyo mtahiniwa aliyesomea vitabu hivyo vitatu amekutana na mlevi katika kila kimoja. Walioviteua waliona kinachoendelea vijijini na mijini. Swali ni kama tunavifundisha ili mtoto amwelewe babake, au ili aorodheshe "athari tano za ulevi" na kusonga mbele.

Wakenya wanaoandika Kiingereza wamepita hapohapo. Makena Onjerika alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2018 kwa hadithi fupi "Fanta Blackcurrant", kuhusu wasichana wanaoishi mitaani Nairobi. Wengine wakimwomba Mungu makubwa, mmoja wao, Meri, anatamani soda moja tu, Fanta ya zambarau, isiyoisha. Msimulizi ni kundi zima la wasichana, "sisi", nao wanamsimulia Meri kwa wivu na kwa mapenzi pamoja. Udogo wa ombi ndio unaoumiza. Tunajua jinsi soda ilivyo rahisi kwetu, na jinsi dunia ilivyoweza kumnyima hata hiyo.

Mbali na huku, O. Henry wa Marekani, aliyekaa gerezani na aliyekunywa sana hadi kifo chake mwaka 1910, aliandika "The Cop and the Anthem" mwaka 1904. Soapy, mtu asiye na makao, anataka kukamatwa ili baridi imkute gerezani penye joto. Anafanya kila kosa dogo, hakuna anayemkamata. Jioni anasikia muziki wa kanisani, moyo unalainika, anaamua kuanza maisha mapya. Hapo ndipo polisi anamshika mkono. Wengi huisoma kama kichekesho. Mimi naisoma kama hadithi ya mtu ambaye mlango ulimfungukia mara moja tu, kwa dakika chache, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Kucheka na kuona

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Kitengela alinipa daftari la kurasa 200, jalada limechakaa, akaniomba nisome hadithi aliyoiandika humo kwa kalamu ya buluu. Mhusika wake mkuu ni mzee asiye na jina. Mzee huyo aliuza eka tano zilizokuwa karibu na barabara, pesa zikaishia baa. Sasa ni soja kwenye geti la nyumba za kupangisha za orofa nne, zilizojengwa juu ya eka zilezile. Usiku anazunguka na tochi. Kila akifika mahali pa kuegeshea magari, pale panapokaa gari jeupe la mpangaji wa nyumba namba saba, anapunguza mwendo. Hapo ndipo lilipokuwa zizi la ndama la mamake.

Sentensi hiyo ya zizi niliisoma mara tatu. Kijana hakuwa ametuambia kwamba mzee anajuta. Aliiachia miguu ya mzee ikumbuke.

Lakini hadithi iliishia hivi: mzee anakunywa chang'aa yenye sumu, asubuhi anakutwa amekufa getini, na msimulizi anatugeukia kutuonya kwamba pombe si chai. Nilimuuliza kwa nini amemuua.

"Mwalimu, mlevi lazima aadhibiwe," akasema. "Ndivyo hadithi huisha."

Hakuwa na kosa. Ndivyo nyingi tulizomfundisha huisha. Sikio la kufa halisikii dawa, tunasema, na tunamwandalia mhusika kaburi tangu ukurasa wa kwanza. Tatizo la mwisho kama huo ni kwamba hauna kinaya tena. Mlevi amekunywa, mlevi amekufa, kila kitu kimekwenda kama kilivyotarajiwa. Msomaji asiyekunywa anafunga kitabu akiwa ameridhika. Msomaji anayekunywa, kama amefika hapo, ameambiwa kwamba safari yake imekwisha.

Baada ya wiki mbili kijana alirudi na mwisho mwingine. Sasa mzee amelewa, wezi wanafika na gari usiku wa manane, naye anawafungulia geti akidhani ni wapangaji. Anawapigia hata saluti. Alikuwa amewasomea wenzake, wakacheka hadi machozi. Kinaya kilikuwepo, hilo halina ubishi: mlinzi anawakaribisha wezi. Lakini kilikuwa kimeshuka kikawa kejeli.

Tofauti ya vitu hivyo viwili si ndogo, na kwa hadithi za ulevi ni ya kufa na kupona. Kejeli humweka msomaji juu na mhusika chini. Kinaya kilichokomaa huwaketisha pamoja, halafu kikamwonyesha msomaji kitu ambacho mhusika amekipa mgongo. Katika ile sentensi ya zizi tulikuwa tumesimama na mzee, tochi mkononi. Katika ile ya saluti tulikuwa ng'ambo ya barabara, tukimwelekezea kidole.

Kijana alikuwa ameniambia mapema kwamba mzee huyu amemtoa kwa mjomba wake. Nilimuuliza swali moja: "Mjomba akisoma hapa, atacheka?" Alilifunga daftari, akaliweka mkobani, na sikumwona kwa miezi kadhaa.

Dawa ya moto ni moto

Katika miezi hiyo nilikuwa nikifikiria sana jinsi ukweli ulivyo na kinaya kikali kuliko chochote tunachokitunga. Mwezi wa Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa imenaswa na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kisha ikatoka humo na kurudi kwa wanywaji. Iliondolewa mitaani ili isiue, ikapitia mikononi mwa waliopewa kazi ya kuizuia, ikaua. Mwandishi chipukizi angeleta hadithi kama hiyo, mhariri angemwambia amezidisha.

Au tazama sumu yenyewe. Pombe haramu huua sana inapokuwa na methanoli. Methanoli ikiingia mwilini, ini huibadilisha kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia neva ya macho. Ndiyo maana manusura wengine hubaki vipofu. Sasa, mojawapo ya tiba ambazo hospitali huweza kutumia ni ethanoli, yaani kileo kilekile cha kawaida, kwa kipimo cha daktari. Kimeng'enya cha ini hushughulika na ethanoli kwanza, na methanoli hupata nafasi ya kutolewa mwilini kabla haijageuka. Fikiria hadithi fupi ya kurasa nne tu: mke aliyeomba kwa miaka kumi mumewe asiguse tena pombe ameketi kando ya kitanda, anamtazama muuguzi akimpa mumewe pombe ili aishi, na anaomba mumewe akomee kwenye kipimo hicho. Mwandishi hahitaji kuongeza neno. Wahenga walishasema dawa ya moto ni moto, ingawa hawakuwa wamefika wodini.

Upo pia upande ambao kinaya huponya, nao huandikwa kidogo mno. Mwaka 1935 walevi wawili walikutana mjini Akron, Marekani, na kutokana na mazungumzo yao ukazaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambao sasa una vikundi duniani kote, Kenya ikiwemo. Hatua yao ya kwanza ni kukiri kwamba mtu hana uwezo juu ya pombe. Aliyejidai kwa miaka kwamba anaweza kuacha wakati wowote hakuacha hata siku moja. Anayesema hawezi, mbele ya wenzake wasioweza, ndiye anayelala usiku huo bila kunywa. Mwandishi Raymond Carver aliacha pombe tarehe 2 Juni 1977, na baadaye akaandika hadithi fupi, "Where I'm Calling From", inayotokea katika nyumba ya kutibia walevi. Hakuna anayekufa ili tujifunze. Mtu ameketi barazani, anamsikiliza mwenzake akisimulia, na kusikiliza huko kunamsogeza hatua moja.

Vituo vya kurekebisha waraibu vimeenea kandokando ya Nairobi, na Kajiado inavyo pia, vingi nyuma ya mageti yasiyoonyesha kilichomo. Ningependa kusoma hadithi zinazotoka huko. Ninajua zipo. Walio humo wamezungukwa na kinaya kila saa: mama aliyemficha mwanawe asiaibike ndiye aliyempa miaka ya kuzama, na jirani aliyemsema vibaya mbele ya watu ndiye aliyemwitia gari la kumpeleka. Anayeweza kuyaandika hayo bila kumtukana mama na bila kumtukuza jirani atakuwa ameifanyia lugha yetu kazi kubwa.

Mwisho wa tatu

Kijana alirudi msimu wa mvua fupi. Daftari lilikuwa lilelile, jalada limebandikwa utepe. Mwisho wa tatu ulichukua nusu ukurasa.

Ni Jumapili jioni. Mtoto wa nyumba namba saba, wa miaka sita hivi, ametoka kucheza karibu na gari la wazazi wake.

"Soja, hapa palikuwa nini kabla hawajajenga?"

Mamake anamsikia kutoka roshani. "Mwite babu!"

"Babu, hapa palikuwa nini?"

Mzee anatazama lile gari jeupe. "Hapakuwa na kitu," anasema. "Palikuwa pori tu."

Kisha anamwondoa mtoto nyuma ya gari, polepole, kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayemwondoa ndama mlangoni mwa zizi.

Hadithi inakoma hapo. Mzee amesema uongo, na sisi tunajua ni uongo, kwa kuwa tumetembea naye usiku na tochi. Akisema ukweli itabidi aseme pia nani aliyeuza, na hawezi kumwambia hivyo mtoto aliyetoka kumwita babu. Kwa hiyo analikana zizi la mamake kwa mdomo, na mkono wake unalikiri. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyechekwa. Niliweka daftari chini, nikakaa kimya, na kijana hakunihimiza.

Baadaye aliniambia kwamba alimsomea mjomba wake, asubuhi moja kabla mjomba hajatoka kwenda dirishani. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti ili isionekane ikitetemeka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hafi?" akauliza.

"Hafi, mjomba."

"Na kesho yake?"

"Sijaandika."

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akamwomba asome tena, kuanzia pale penye zizi.